Swali la Saba

Mimi ni Eliamani, mwana wa Mavura, mwana wa Sekiete, mwana wa Mashurano. Mashurano alikuwa mfua chuma katika milima hii ya Upareni, na nyundo yake ingali imetundikwa ukutani mwa sebule yangu, juu ya kabati la vyombo. Husimuliwa kwamba aliweza kuvukuta mivukuto ya tanuru tangu kupambazuka hadi jua la utosi bila kupokezana na mtu. Sekiete, mwanawe, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na katika miaka ishirini na sita ya utumishi wake halikupotea gunia hata moja. Mavura, baba yangu, alipiga tarumbeta kubwa la besi katika kanisa letu la Mkomongo, lile ambalo vijana wa leo hulibeba wawili wakisaidiana. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wakisema kwamba Jumapili yao huanza pale Mavura anapovuta pumzi.

Nimeyatanguliza majina haya kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: asiyeweza kutaja watu watatu nyuma yake hana haki ya kusimama mbele ya wengine. Mimi nilisimama mbele ya wengine kwa miaka thelathini na minane, chaki mkononi, na nilipostaafu kata ikanikabidhi kazi nyingine ya heshima. Nilifanywa Mzee wa Tamko.

Kila Msikizi, mashine ya kusikiliza pumzi, anapofungwa katika nyumba yenye mtoto mgonjwa wa kifua, mkuu wa nyumba hiyo hutoa Tamko la Ukoo. Huulizwa maswali tisa juu ya damu yake, makao yake na mienendo yake. Mzee wa Tamko huyasoma maswali, husikiliza, kisha hutia sahihi kwamba aliyesema amesema kweli. Nilitia sahihi yangu katika nyumba mia tatu na kumi na mbili. Nyumba ya mia tatu na kumi na tatu ilikuwa yangu mwenyewe, na humo nilitia sahihi mara mbili, kwanza kama mkuu wa nyumba, kisha kama shahidi. Hakuna aliyeona kasoro. Nani angemshuku Mwalimu Eliamani?

*

Msikizi wa mjukuu wangu Nakijwa alining'inia juu ya kitanda chake, mviringo mweupe wenye upana wa sahani ya chai. Chini yake, ukutani, palikuwa na kasha lenye mlango wa kioo kigumu. Pampu ya buluu ilionekana ndani pamoja na chupa yake ya kuvutia dawa. Ungeweza kuisoma hadi tarehe ya kutengenezwa, ila mlango ule haukufunguliwa kwa mkono wa mtu. Aliufungua Msikizi, na aliufungua pale tu alipokuwa ameridhika kwamba pumzi ya mtoto inadai dawa. Iliamuliwa hivyo zamani, baada ya miaka ile ambayo pampu zilitembezwa sokoni kama karanga na watoto wakavutishwa dawa kwa kila mafua.

Nakijwa ana miaka minane. Msimu wa mvua uliopita kifua chake kililia mara mbili, na zahanati ikaamuru asikilizwe kwa miezi sita. Siku ninayoianzia ilikuwa Jumanne, mwezi wa kupura maharage. Aliamka akikohoa kikohozi kikavu, kifupi, kisichopisha neno.

"Pumzi ni njema," akasema Msikizi kwa sauti yake ile ya mwanamke asiye na umri. Taa yake ikawa ya kijani.

"Mwongo," nikasema.

"Babu, usimtukane," akasema Nakijwa. "Anasikia."

"Na asikie. Ndiyo kazi iliyomleta."

Nilikuwa na kipima pumzi cha plastiki, cha tangu nilipokuwa mkuu wa shule, chenye bomba la kupulizia na mshale mwekundu unaosukumwa na hewa. Mtoto hupuliza mara tatu, nawe huandika nambari iliyo kubwa kuliko zote. Siku za uzima wake, Nakijwa hufikisha mia mbili na ishirini.

"Simama wima. Jaza kifua. Puliza kama unayezima mshumaa wa jirani."

"Jirani hana mshumaa, Babu. Ana taa."

"Basi mtie giza."

Akacheka, akakohoa, akapuliza. Mia na sitini. Mia na hamsini na tano. Mia na sabini. Nikaandika mia na sabini katika daftari langu. Jumatatu ilikuwa mia na sabini na tano, Jumapili mia na themanini na tano. Mstari wangu ulikuwa ukishuka kama mtu anayeteremka ngazi akijishika ukuta, ilhali Msikizi alikuwa wa kijani wiki nzima bila kupepesa.

Nimesahihisha mitihani ya watoto wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na karatasi iliyonakiliwa naijua kabla sijafika jibu la tatu. Kijani kile kilikuwa cha kunakili. Palikuwa na mtu, au kitu, kilichokuwa kikimpa Msikizi majibu.

*

Jumatano adhuhuri nikaingia chumbani mwa mtoto, nikamkuta Msikizi amefunikwa kitenge.

Helieth, mke wa mwanangu, alikuwa barazani akichambua mawe kwenye maharage. Mwanangu anafanya kazi Mtwara kwenye mitambo ya gesi, naye hurudi nyumbani kila baada ya miezi minne. Miezi mingine yote tumo humu watatu, na Msikizi wa nne.

"Mama Nakijwa. Nani amemfunika Msikizi?"

"Ni mimi, Baba." Hakuinua macho kwenye ungo. "Nilikuwa naongea na mume wangu."

"Ndipo ukamfunika?"

"Baba, yapo maneno ya mke na mume. Lile lisahani linasikia mtoto akimeza mate. Halitanisikia mimi?"

"Likifunikwa halimsikii mtoto pia."

"Mtoto yuko shuleni."

"Na jana?"

Hapo akainua macho. Helieth ni mwanamke mwenye adabu, na adabu yake huwa kali zaidi anapokasirika. "Jana sikuligusa. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, Baba. Kila alfajiri nasikia filimbi kifuani mwake. Nikimwambia Msikizi, ananijibu mtoto ana hofu. Hofu ya nini? Ya uji?"

"Mpeleke zahanati."

"Nimempeleka mara mbili. Wanafungua kumbukumbu, wanaona kijani, wananirudisha na dawa ya kikohozi." Akatupa jiwe uani. "Unaandika nambari za mtoto kwenye lile daftari lako. Nami umeniandika ukurasa wa ngapi?"

Alikuwa ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeandika saa alizotoka, saa alizorudi, na jinsi mtoto alivyokohoa baadaye. Nikaenda kukiondoa kitenge mwenyewe. Usiku ule nikaongeza mstari mmoja chini ya jina lake: *Anajitetea kabla hajashtakiwa.*

*

Alhamisi akaja Nesi Ombeni, muuguzi wa kata, kwa mwito wangu. Nilimfundisha hesabu darasa la tano. Alikuwa mtoto mwepesi wa kukokotoa, mzito wa kunyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu. Mashine yako inadanganya."

"Tutaiuliza," akasema akitabasamu, akapanda juu ya stuli.

Alimfungua Msikizi, akaingiza waya kama uzi wa buibui, akasoma kwenye kibao chake kwa muda mrefu. Nilimtazama mikono. Nilikuwa nimekwisha kumtilia shaka yeye pia, kwa kuwa huko nyuma niliwahi kusikia kwamba wauguzi hupongezwa kwa wingi wa nyumba za kijani.

"Masikio yote manne ni mazima," akasema.

"Yafafanue."

Akashuka, akasimama kama aliyeitwa ubaoni. "La kwanza linasikia hewa inavyoingia. La pili, inavyotoka. La tatu linasikia chumba, yaani jogoo, mvua, mlango, ili sauti hizo azitoe kwenye hesabu. La nne ni Tamko."

"Tamko si sikio."

"Kwake ni sikio, Mwalimu. Kifua cha mtoto kina filimbi nyingi. Ipo ya mafua, ipo ya vumbi, ipo ya mtoto aliyelia, na ipo ya pumu. Mara nyingi zinafanana. Sasa yeye, kabla hajaamua, anauliza: filimbi hii ni ya watu gani? Anafungua Tamko. Na katika Tamko, swali la saba peke yake lina uzito kuliko mengine manane ukiyaweka pamoja."

Swali la saba nalijua kwa moyo. Nimelisoma kwa sauti mara mia tatu na kumi na tatu. *Je, katika vizazi vitatu vilivyotangulia, yupo aliyeugua pumu au aliyekufa kwa kukosa pumzi?*

"Na pale ambapo jibu la saba ni 'Hakuna'?" nikauliza.

"Hapo mtoto lazima apige filimbi kubwa kweli ndipo aaminiwe. Ndogo zote zinaitwa vumbi, au hofu." Akaanza kukunja waya wake. "Ila kwenu hilo halina shida. Tamko lenu ndilo safi kuliko yote katika kata. Tunafundishia vijana wapya."

Helieth alikuwa amesimama mlangoni. Nilihisi macho yake kisogoni mwangu.

"Mwalimu," akasema Ombeni, polepole sasa, "huenda yupo mliyemsahau? Hata kama ni shangazi wa mbali? Kusahihisha si kazi kubwa. Mkuu wa nyumba anasema mbele ya Msikizi kwa sauti yake mwenyewe, jina na namna ya kifo, basi. Sahihisho linasomwa kwenye baraza la kata Jumatatu inayofuata."

"Na ikiwa aliyekosea ni Mzee wa Tamko?"

Akacheka, kwa sababu alidhani nafanya mzaha. "Hilo halijawahi kutokea. Kanuni inasema nyumba zote alizozishuhudia zinaulizwa upya."

"Ukoo wetu ni wa wavukuta mivukuto na wapiga tarumbeta," nikasema. "Pumu tutaitoa wapi?"

Ombeni akanitazama. Nimewahi kuuona mtazamo ule. Ni wa mwanafunzi aliyemwona mwalimu akikosea jumla ubaoni, naye hathubutu kunyoosha mkono.

Alipokwisha kwenda, nikaketi sebuleni chini ya nyundo ya Mashurano, nikamkumbuka Kiangi, seremala wa kwetu. Mwaka uliotangulia alijibu swali la saba kwa neno "Hakuna," nami nilijua kwamba mama yake alikufa akitweta. Wanaoficha si wachache. Daftari la Tamko liko wazi kwa yeyote, na watu hulichungulia kabla ya kupeleka posa. Jina la "ukoo wa kifua" likishagandama halibanduki. Hata hivyo sikumwonea huruma. Nilisimama barazani mbele ya kata nzima nikasema: "Mtu anayemficha mama yake kaburini atamficha na mwanawe." Watu walipiga makofi. Tangu siku ile Kiangi akiniona njiani huvuka upande wa pili.

*

Jumamosi Helieth alivuka bonde kwenda kumwona mzazi, mke wa binamu yake aliyejifungua. Mimi nikabaki uani nikipura maharage kwa fimbo, na Nakijwa akawa anapepeta karibu yangu, ingawa nilimwambia akae upande wa juu wa upepo. Vumbi la maharage ni jepesi na lina ukali wa tumbaku. Ilipogonga saa tisa alasiri nikageuka nikaona ungo uko chini na mtoto hayupo.

Nilimkuta chumbani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, uso ameuelekeza dirishani.

Hakuna aliyemfundisha kuketi vile. Mimi nilimjua aliyeketi vile.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu Mavura aliketi namna ile juu ya kigoda cha jikoni siku ishirini na moja, mbele ya dirisha ambalo mama hakuruhusiwa kulifunga hata kwa baridi ya Julai. Tarumbeta lilikuwa pembeni limefunikwa shuka, na lilikuwa limefunikwa kwa miaka mitatu. Kanisani waliambiwa amewapisha vijana. Alipokufa, baba mkubwa alituita wote chumbani, nasi tulikuwa bado tunalia. Akasema: "Mavura hawezi kufa kwa kukosa pumzi. Watu watatucheka mpaka Gonja. Amekufa kwa moyo." Akaninyooshea kidole. "Sema." Nikasema, moyo. Nimelisema neno hilo miaka sitini na mitatu.

"Nakijwa, tulia," akasema Msikizi. "Hii ni hofu. Hesabu pamoja nami. Moja."

Taa ilikuwa ya njano. Ikarudi kijani.

Nikampa kipima pumzi. Akapuliza mara moja tu. Mshale ukasogea hadi tisini ukakaa hapo.

"Babu," akasema. Akavuta hewa. "Fungua." Akavuta tena. "Mlango."

"Fungua mlango," nikamwamuru Msikizi.

"Pumzi ya Nakijwa haidai dawa. Mbili. Vuta polepole."

Nikakimbilia sebuleni, nikaitungua nyundo ya Mashurano. Nilirudi nayo, nikaiinua mbele ya kasha, na hapo mkono wangu ukasimama juu. Kanuni naijua, nimeisoma mwenyewe katika kila nyumba kwa sauti ya darasani. Kasha likivunjwa, pampu huimwaga dawa yote ndani kwa ndani. Zahanati iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Gari la wagonjwa huitwa na Msikizi, na Msikizi alikuwa anahesabu mpaka tatu.

Nikaiweka nyundo sakafuni.

Sasa naandika jambo ambalo hakuna aliyeniona nikilifanya, wala Msikizi hana sikio la kulisikia. Nilijua la kusema. Nililijua tangu Alhamisi, na kabla ya Alhamisi. Nilisimama pale kimya, na kwa kuwa nimezoea kuhesabu, nilihesabu. Mtoto alivuta pumzi kumi na moja nami sijafungua kinywa. Katika pumzi hizo nilimwona Kiangi akiwa amekaa mstari wa mbele. Niliwaza nyumba mia tatu na kumi na mbili zikigongwa hodi upya, na watu wakiuliza, kwa nini? Niliwaza hata tarumbeta, kana kwamba lilikuwa na aibu yake lenyewe.

Pumzi ya kumi na mbili haikuingia vizuri. Ngozi iliyo baina ya mbavu zake ikazama ndani, na midomo yake ikawa ya rangi ya jivu.

"Msikizi," nikasema. "Nasahihisha jibu la saba."

"Taja jina la marehemu."

"Mavura Sekiete. Baba yangu."

"Taja namna ya kifo."

"Moyo," nikasema.

Naapa sikukusudia. Ulimi ulikwenda peke yake kwenye njia uliyozoea.

"Jibu hilo halibadilishi Tamko," akasema Msikizi.

Nikashika ukingo wa kitanda. "Alikufa kwa pumu. Aliketi akitazama dirisha siku ishirini na moja, kifua kikilia filimbi iliyosikika mpaka jikoni. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nikimpelekea maji."

"Je, ulijua haya ulipotoa Tamko?"

Nakijwa alikuwa akinitazama pembeni, bila kugeuza shingo.

"Nilijua."

Taa ikapita njano bila kutua, ikawa nyekundu. Kasha likalia kama kufuli la sanduku la zamani, na mlango ukafunguka.

Nilitikisa pampu, nikaichomeka kwenye chupa, nikamwekea mdomoni. Bonyezo moja, pumzi sita. Nikatikisa tena. Nilifanya hivyo mara nne, nikasubiri, nikafanya tena mara nne, na muda wote Msikizi alikuwa akinieleza hatua kwa hatua, kwa upole, kana kwamba sisi wawili hatukuwa tumekorofishana. Akasema gari limekwisha kuondoka zahanati. Mabega ya mtoto yakaanza kushuka, kidogo kidogo, kama yanayoteremshwa kwa kamba.

"Babu."

"Usiseme. Pumua."

"Baba yako alikuwa na kifua kama changu?"

"Ndiyo."

Akapumua mara mbili, tatu. "Na alipiga lile tarumbeta kubwa?"

"Miaka kumi na tisa."

Akafikiri. Kisha akajiegemeza kwenye mto. "Kumbe," akasema. "Nilidhani kwetu ni mimi peke yangu."

*

Helieth aliliona gari likipanda kilima, akalikimbilia mbio kwa njia ya mkato, akaingia viatu vikiwa mkononi. Alimtazama mtoto kwanza. Akaitazama nyundo sakafuni, kisha kasha lililo wazi, kisha mimi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama wima, kama nilivyowataka wanafunzi wangu wasimame wanapokiri kosa. Sikuziacha zile pumzi kumi na moja.

"Mara mbili nimerudishwa zahanati, Baba," akasema. "Mara mbili, na dawa ya kikohozi."

"Najua."

"Lete lile daftari."

Nikalileta. Akalifungua bila kuniuliza ukurasa, akasoma nilichoandika juu yake, saa za kutoka na za kurudi, na ule mstari wa mwisho. Akanirudishia, akanipa na kalamu.

"Futa jina langu hapo," akasema. "Andika lako."

Nikafanya hivyo mbele yake. Kisha akapanda garini na mtoto wake, akafunga mlango. Waliagizwa wakae zahanati siku mbili, na mpimaji wa huko, aliyempulizisha mtoto tena leo asubuhi, amenitumia habari kwamba Nakijwa amefikisha mia na tisini.

*

Leo ni Jumapili, nami naandika haya ili yasomwe na mwingine iwapo kesho sauti itanikauka. Baraza hufunguliwa saa nne. Sahihisho langu litasomwa la kwanza. Kisha nyumba mia tatu na kumi na mbili zitaanza kuulizwa upya, na zitauliza nani amezisababishia. Nimemwandikia Kiangi barua ya mistari mitatu, nikaipitisha chini ya mlango wa karakana yake mwenyewe akiwa kanisani. Sitazamii jibu, na akivuka njia nitamwachia njia.

Kuhusu Msikizi, simwamini bado. Watu watanipongeza kwamba amenifundisha ukweli, wasinipongeze. Alimsikia mtoto akikosa hewa, akadai kwanza apewe jina la maiti. Chombo kinachoamini karatasi yenye sahihi nzuri kuliko kifua kilicho mbele yake ni ndugu yangu kwa tabia, na ndugu huyo namjua vizuri. Nitalisema hili barazani pia, baada ya langu kusomwa, ikiwa wataniruhusu kusimama. Daftari langu la nambari nitakwenda nalo.

Sasa ninyi vijana, nisikilizeni, maana sitalirudia. Mimi ni Eliamani, mwana wa Mavura aliyekufa kwa pumu akitazama dirisha, mwana wa Sekiete, ambaye sijui alikufaje kwa sababu sikuuliza, mwana wa Mashurano, ambaye moshi wa tanuru haukumfikisha miaka hamsini, jambo ambalo wasimulizi wa mivukuto hawalitaji. Heshima yao haijapungua kwa kusema hivyo, na mjukuu wangu amepumua. Mzee akiwatajia babu zenu na sifa zao, mwacheni amalize, mpeni na maji ya kunywa. Kisha mwulizeni kila mmoja wao alikufaje, wala msinyanyuke kwenye viti mpaka awajibu.